Nani Alikuangalia Ukila

Roseline alikuwa amechoka kuuliza swali moja. "Umebeba kalamu?" Aliuliza asubuhi Jacktone akifunga viatu, akauliza jioni kwa simu, akauliza hata kanisani wakati wa maombi, kwa macho tu, Mungu amsamehe. Naye Jacktone, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na moja mwenye ndevu na mpenzi ambaye alidhani mama hamjui, alijibu vilevile kila siku: "Nimebeba, Mathe." Kubeba alibeba. Shida haikuwa kubeba.

Kalamu yenyewe haikuwa ya kuandika. Ilikuwa sindano ya adrenalini iliyofungiwa ndani ya kitu kinene kama kalamu ya mwalimu ya ubaoni. Unatoa kifuniko, unaigandamiza kwa nguvu kwenye paja, hata juu ya suruali, nayo inajidunga yenyewe. Jacktone hawezi kula njugu karanga. Si kwamba anadeka. Punje moja, au mwiko uliopita kwenye sufuria ya njugu, unatosha kumfunga koo. Na Mungu kwa hekima yake akaona amlete duniani Magunga, mahali ambapo njugu inalimwa, inakaangwa, inasagwa, inatiwa kwenye uji na kwenye mboga, na mgeni anawekewa sahani ya njugu kabla hajaulizwa ametoka wapi. Angepewa ugonjwa wa kukataa jibini, angezeeka bila kujua anao.

Wakati huo walikuwa wanakaa Migori mjini. Roseline alishona sare za shule sokoni, na Jacktone alisomea umeme chuoni. Mwezi wa tatu, mwenzake wa darasani aitwaye Walter alimkuta amechuchumaa nyuma ya jiko la chuo, midomo imefura, macho yamekuwa mistari miwili, anapumua kwa mluzi. Walter hakuuliza maswali. Alimpakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva, wakaenda hospitali mbio. Roseline alifika huko utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni, akamkuta mwanawe ana dripu mkononi, anapumua.

"Hii ndiyo tulitoa mfukoni mwake," muuguzi mmoja, Nyanchoka, alimwambia, akamwonyesha kalamu. Kifuniko kilikuwa mahali pake. "Hakuigusa. Alimeza Piriton mbili, akaenda kujificha. Mama, Piriton inatuliza mwasho. Koo likifunga, haifungui. Na mtu akianza kufura hafai kwenda mahali pa peke yake. Akianguka huko nani atamwona?"

Nyanchoka alikuwa mtu wa kazi nyingi na maneno machache, lakini siku ile alijikalisha. Alileta kalamu ya zamani iliyopita tarehe na papai bichi, akamwambia Jacktone adunge. Jacktone alidunga papai vizuri kabisa, akashikilia, akahesabu, akatoa. Hakutetemeka. Alipomaliza alitabasamu na kuuliza kama papai litapona.

Basi si uoga wa sindano. Hilo ndilo lililomchosha Roseline. Kama ni uoga angejua pa kuanzia. Alimgombeza, akambembeleza, akamwombea, akamnyima maneno wiki nzima. Alimwambia mchelea mwana kulia hulia yeye, naye hataki kulia. Jacktone alisikiliza kwa adabu zote na kusema, "Nitatumia, Mathe." Mwezi wa tano akafura tena, akajificha tena bafuni kwa rafiki, na kwa bahati tu likapita lenyewe. Roseline aliposikia alikaa chini kwenye kiti cha cherehani akaona hata mikono haitaki kuinuka. Sikio la kufa, alijisemea, halisikii dawa. Kisha akajichukia kwa kutamka neno kufa.

Jibu lilikuja siku stima ilipopotea sokoni. Roseline alikuwa anapiga pindo kwa mkono, Jacktone amekaa juu ya robota la kitambaa, na pengine kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, kijana akasema bila kumtazama.

"Mathe, nikijidunga, unajua watu wanauliza nini?"

"Wanauliza nini?"

"Nani alikuangalia ukila."

Roseline aliweka sindano yake chini.

Nyumbani kwao kuna kitu kinaitwa sihoho. Ni jicho baya la chakula. Mtu mwenye sihoho akikutazama ukila, chakula kinakukwama mwilini, unafura, unaweza kufa, na mara nyingi husemwa ni mwanamke, na mara nyingi ni mwanamke mzee asiye na wa kumtetea. Jacktone alipokuwa na miaka sita, baba yake ameshafariki, Roseline yuko Migori anatafuta riziki, mtoto alikuwa akilelewa Magunga na nyanya yake Leonida, ambaye wote walimwita Dani. Siku moja Dani alimpikia uji wa njugu. Mtoto akafura kama unga uliotiwa hamira. Majirani wakaita mganga wa kutoa sihoho, akamchanja tumboni kwa wembe, akanyonya, akatema kiganjani, akawaonyesha watu alichotoa. Vilikuwa vipande vya njugu. Roseline akikumbuka hapo ndipo huchoka zaidi. Jibu lote lilikuwa pale kwenye kiganja cha mganga, kila mtu alilitazama, halafu kila mtu akageuka kumtazama Dani.

Tangu siku hiyo Dani akawa jasihoho, mwenye jicho hilo. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Walifunika tu sufuria akipita. Kanisani alipakuliwa mapema, kando, ati mzee asichoshwe na foleni. Naye akajizoesha kula ameupa uso ukuta, ili pasiwe na mtu wa kusema alitazamwa. Madaktari walikuja kusema baadaye kwamba ni njugu, na kijiji kikaitikia ndiyo daktari, kikaendelea kufunika sufuria.

"Krismasi ile nilijidunga kwa Dani, unakumbuka?" Jacktone alisema. "Ulifurahi sana. Ulisema mtoto amekomaa. Sisi tukarudi Migori. Unajua Dani alienda kuchota maji kesho yake, wakamwaga mtungi wake pale kisimani? Walisema amerudia. Mimi niliambiwa na Valary, jirani yake."

"Na hapa Migori je? Dani hayuko hapa."

"Mathe, darasani kwangu kuna watu wanne wa Magunga. Nikianguka hapa saa sita, saa nane simu imefika. Watasema Dani ananifuata mpaka chuoni." Alijikuna ndevu. "Nikimeza dawa nikakaa kimya, hakuna anayejua. Inapita."

"Na isipopita?"

Stima ilirudi, redio ya jirani ikaanza kuimba katikati ya wimbo, na Roseline akabaki na suruali ya mtoto wa watu mapajani. Angeweza kupigana na ujinga. Angeweza kupigana na uoga na kiburi, hivyo alivijua. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa anapigana na mapenzi, na mapenzi utayapiga kwa silaha gani? Alimpenda kijana kwa hilo, na alitamani kumzaba kofi kwa hilohilo.

Mwezi wa nane ukafika, na makambi. Waadventista wa upande ule hukusanyika kila mwaka juma zima kwenye uwanja wa shule, wanasali hemani, wanapika pamoja. Dani aliagiza kwa simu kwamba anataka kumwona mume wake. Hivyo ndivyo nyanya wa Kiluo anavyomtania mjukuu wa kiume, chwora, mume wangu, na Dani alikuwa na mume mmoja tu aliyebaki. Roseline alijaribu kukataa. Alishindwa. Akapika mchele na maharagwe ya Jacktone kwenye chombo chake, akafunga, akaweka kalamu moja mfukoni mwa kijana na ya pili mkobani mwake, wakaenda.

Ijumaa mchana ibada ya pili ikaisha. Jacktone alikuwa bado amepanda meza anarekebisha waya wa spika zilizokuwa zinanguruma tangu asubuhi, kwa hiyo sahani yake ilipakuliwa ikamngoja kwenye benchi. Roseline alienda kuchota maji ya kunawa. Hapo ndipo Helen, mke wa shemeji yake, mwanamke mwenye moyo mwema na mkono mwepesi, alipoiona sahani ile.

"Maskini kijana anafanya kazi yetu halafu anakula chakula kikavu kama mfungwa," alisema, akamwongezea mboga mwiko mmoja, akaifukia chini ya mchele isipoe. Mboga ilikuwa imeungwa kwa njugu. Helen aliujua ugonjwa wa Jacktone. Tatizo ni kwamba aliujua kwa jina lingine.

Jacktone alikuja ana njaa, akala haraka akiongea. Dani alikuwa hatua chache kutoka hapo, amekaa kwenye mkeka, mgongo kwa watu, uso kwenye ukuta wa darasa la nne.

Roseline alikuwa anarudi na ndoo alipokisikia. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayetafuta mfupa wa samaki kooni. Anakijua kikohozi hicho hata usingizini. Alimwona Jacktone akigusa mdomo wa chini, akaiweka sahani polepole, na badala ya kumtafuta mama yake akautazama mgongo wa Dani. Kisha akasimama, akawatabasamia waliokuwa karibu, akaanza kutembea kuelekea nyuma ya madarasa kama mtu anayeenda haja.

Ndoo ilianguka yenyewe. Roseline alimfikia penye kona, akamshika shati.

"Itoe."

"Si hapa, Mathe. Twende nyuma kidogo." Sauti ilikuwa imeshakwaruza.

"Jacktone, itoe sasa."

"Watu wote wako hapa. Tafadhali. Dani yuko hapa."

Roseline alitia mkono kwenye mfuko wa suruali ile, na Jacktone akaufunika mfuko kwa kiganja chake. Alikuwa na nguvu, mtoto aliyemlisha mwenyewe. Walisukumana pale kama walevi, yeye akivuta, kijana akibana, na shingo ya kijana ikipanda vipele vyekundu mpaka masikioni. Kalamu nyingine ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa hemani, mbali. Watu walianza kuacha vijiko. Helen, mwenye mwiko bado mkononi, alisema kwa sauti ya huruma kabisa, "Ameangaliwa huyu."

Lilikuwa neno dogo tu, na watu mia wakageuza shingo upande mmoja, kuelekea ukuta wa darasa la nne.

Dani Leonida aliinuka kwenye mkeka. Ilimchukua muda, magoti si ya jana. Alijifunga leso vizuri, akageuka, akawapa watu uso mzima, kitu ambacho hakuwa amekifanya wakati wa chakula kwa miaka mingi sana.

"Mnatafuta nani?" aliuliza. "Msijisumbue. Ni mimi. Nimemwangalia akila, nimemwangalia vizuri, macho haya yote mawili. Mmepata mliyekuwa mnamtaka." Akawapita katikati, na wakampisha, akina mama wakivuta watoto. "Sasa mniachie njia, mtoto adungwe."

Alimfikia Jacktone akamshika mkono, ule uliofunika mfuko.

"Chwora," alisema, chini sasa, "ulikuwa unanificha? Basi nimetoka nje. Wote wameniona. Toa hicho kitu."

Jacktone alimtazama, macho yamekaribia kufunga, machozi yanatoka humo humo. Kiganja kiliachia. Alitoa kalamu mwenyewe, akavuta kifuniko mwenyewe, akaigandamiza kwenye paja juu ya suruali yake ya ibada, ikalia tak. Alishikilia. Roseline alihesabu naye kwa sauti maana kijana sauti ilikuwa imemwisha. Kisha wakamlaza juu ya leso ya Dani, miguu juu ya benchi, na mtu alipotaka kumsimamisha apelekwe garini kwa miguu Roseline alimkemea kwa neno ambalo halisemwi kwenye makambi. Wanaume wanne wakambeba.

Gari lilikuwa la mchungaji. Kabla hawajafika lami, kifua kikaanza kupiga mluzi tena. Roseline alikuwa anahangaika kufungua mkoba alioletewa kutoka hemani, na Jacktone akaupokea, akaitafuta kalamu ya pili mwenyewe, akajidunga mbele ya mchungaji, mbele ya Dani, mbele ya mwenye bodaboda aliyewapisha kando ya njia akichungulia dirishani. Hakuna aliyemwambia.

Hospitalini Homa Bay walimpokea, wakamweka kitandani, wakasema atalala huko mpaka kesho waone hali. Jua lilikuwa bado liko juu alipoweza kunywa maji. Uso ulianza kurudi kuwa wake. Roseline alikaa upande mmoja wa kitanda, Dani upande wa pili, na simu ikalia. Alikuwa Helen.

"Tumemwombea sana mtoto," Helen alisema. "Anaendeleaje? Asifiwe Bwana. Lakini dada, umesikia mwenyewe. Dani amekiri mbele ya kanisa. Sisi tulikuwa tunanong'ona tu, lakini lisemwalo lipo. Wazee wanasema kesho asikae hemani na watu, akae nyumbani kwanza."

Roseline alifumba macho. Angeweza kumwambia ni mwiko wako. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na yalikuwa ya kweli. Lakini aliwajua watu wake. Angesema ni mwiko wa Helen, na kufikia jioni wangekuwa wamempata jasihoho mpya, mwenye watoto wadogo wanne.

"Ilikuwa njugu, Helen," alisema. "Ile mboga. Nitakuja kukueleza pole pole, wewe peke yako. Leo nimechoka."

Jacktone alikuwa amesikia yote. Aligeuza uso kwenye mto, mabega yakatikisika.

"Nilijua," alisema. "Nilijua watafanya hivi. Dani, umejimaliza."

"Ulijua nini wewe?" Dani alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa na ule uchovu wa mtu aliyetembea mbali akaambiwa bado. "Ulijua watanisema. Mimi nilijua utakufa. Nani alikuwa na habari kubwa?"

Jacktone akauzika uso zaidi kwenye mto.

"Nitazame. Wakinisema nakula, nalala, naamka, namenya viazi vyangu. Nimezoea. Sasa niambie, ungeanguka pale nyuma ya darasa, ungekufa, wangesema nani amekuua?"

Kijana aligeuka polepole.

"Ungenizikia hilo jina ndani ya kaburi lako, chwora. Lisingetoka tena mpaka mwisho wa dunia. Hata mama yako huyu, mzuri hivi, siku moja akiwa peke yake angeanza kujiuliza." Dani alimtazama Roseline, na Roseline akaangalia sakafu, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba lilikuwa uongo. "Ukiwa hai mimi nina shahidi. Ulitaka kunilinda kwa kuniulia shahidi?"

Hilo Roseline hakuwa amelifikiria, miezi yote ile ya kugombeza na kuombea. Jacktone naye hakuwa amelifikiria. Ilionekana usoni, ule uso uliofura nusu, jinsi jambo lilivyoingia likakosa pa kutokea. Alinyoosha mkono wenye dripu akamshika Dani kidole kimoja, akalala nacho.

Kesho yake, Sabato, daktari akawaruhusu, akawaandikia kalamu nyingine mbili. Roseline alitaka kwenda moja kwa moja Migori, ajifungie ndani, alale siku mbili. Alimwambia Dani aje nao, akae huko. Dani akasema nyumba yake iko Magunga na kuku hawajui njia ya Migori.

"Basi tunampeleka," Jacktone alisema. "Tunapita makambini."

"Wamesema asiende," Roseline alisema.

"Wamesema asikae. Tunapita tu, Mathe."

Walishuka langoni watu wakitoka kwenye somo la asubuhi. Jacktone alimshika Dani mkono, midomo yake bado minene kidogo, akaingia naye katikati ya uwanja. Roseline alifuata nyuma na mifuko, miguu mizito, akiona akina mama wakianza kurudi kinyumenyume. Jacktone akasimama mbele ya wa kwanza, akamwita kwa jina.

"Mama Celestine, habari ya asubuhi. Mimi na Dani tunakusalimu."

Mwanamke akatazama huku na huku. Kijana ametoka kufa jana, amesimama mbele yako Sabato asubuhi, anakusalimu. Utamfanya nini?

"Nzuri," alisema. Kisha, kwa sababu salamu ilikuwa ya watu wawili, "Hamjambo."

"Hatujambo," Dani akaitikia.

Jacktone akaenda kwa aliyefuata. Aliwasalimu wote, mzee kwa kijana, kila mtu kwa jina lake na habari ya mifugo yake, akimtaja Dani kila mara. Wengine waliitikia wakitazama viatu, lakini waliitikia. Walipofika kwa Helen mama wa watu akalia, akasema asante Mungu umepona, na Jacktone akamwambia Mama Mdogo, mimi na Dani tunakusalimu. Ilichukua asubuhi nzima, na jua lilikuwa kali. Roseline aliweka mifuko chini, akakaa juu yake, akawangoja wamalize.